Barua kwa mwanangu: kwa nini nimenogewa na nyembe za kukunja

Tabora

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, na sisi hapa nyumbani, mama yako na mimi, hatujambo. Umeniuliza kwa adabu, lakini bila kuzungukazunguka, kwa nini mtu aliyestaafu kazi ya ufundi katika reli, ambaye angeweza kununua kiwembe dukani kwa bei ya andazi, anakaa barazani nusu saa nzima akinoa wembe wa zama za babu zake, ule unaokunjwa ndani ya mpini wake, na kwa nini nyembe hizo sasa zimefika 17 ilhali kidevu changu ni kimoja. Umeongeza kwamba mama yako anaihofia fedha ya pensheni. Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu jambo hili hukatika vipandevipande.

Wewe hukuwahi kumwona kinyozi akitumia wembe wa aina hii, kwa hiyo nianze na nilichokiona mimi. Nilipokuwa mtoto, kinyozi wetu alifanya kazi chini ya mwembe, akiwa na kiti kimoja, kioo kilichotundikwa kwenye msumari na ukanda wa ngozi uliofungwa kwenye shina la mti. Kabla ya kumgusa mtu aliupitisha wembe kwenye ukanda ule, kwenda na kurudi, na mlio wake ulisikika hadi ng'ambo ya barabara. Baba yangu alikuwa akifumba macho anaponyolewa. Baadaye watu walipofahamu kwamba damu inayobaki kwenye wembe mmoja uliopita nyuso nyingi inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, nyembe hizo ziliondoka mikononi mwa vinyozi, na ilikuwa haki ziondoke. Zangu hazimgusi mtu mwingine. Hata baba yako mdogo alipoomba kuazima mmoja, nilimkatalia. Kila wembe mkongwe ninaoununua huoshwa kwa sabuni na bapa lake kulowekwa kwenye spiriti kabla ya kazi nyingine yoyote.

Miaka sita iliyopita, muuza vyuma chakavu alinionyesha kitu kilichoganda kwa kutu ndani ya mpini mweusi. Yeye alikiita kisu. Nililipa shilingi 3,000, nikakisugua kwa mafuta na msasa laini kwa siku tatu, na pale bapa linapoingia kwenye mpini likajitokeza neno Solingen. Huo ni mji wa Ujerumani ambao mafundi wake wamefua visu, panga na nyembe kwa karne nyingi, na jina lake linalindwa huko kwa sheria tangu 1938, ili asiligonge kwenye bapa mtu ambaye hakulitengenezea pale. Kutoka neno lile moja nilifika, kwa kusoma, hadi Sheffield, Uingereza, ambako katika miaka ya 1740 mtengeneza saa aitwaye Benjamin Huntsman, asiyeridhika na chuma alichokuwa akikipata kwa ajili ya springi za saa zake, alianza kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo vilivyofunikwa. Chuma kilichoyeyuka chote kwa pamoja kinalingana tabia kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ndiyo maana makali yake hukubali kuwa membamba sana bila kumomonyoka. Mimi niliyetumia miaka 31 nikipima na kuchonga vyuma vya injini niliisoma habari hiyo usiku mmoja, na usingizi ulinipaa.

Wembe wa kukunja ulipata mshindani mkubwa mwaka 1904, King Camp Gillette wa Marekani alipopewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya wembe wenye kiwembe chembamba cha kubadilishwa. Jeshi la Marekani likawagawia askari wake chombo hicho katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na wengi waliporudi nyumbani hawakutaka tena habari za jiwe na ukanda. Siwalaumu. Kiwembe kinamfaa mwenye haraka. Lakini kiwembe kikiwa butu hutupwa, na wembe wangu ukiwa butu ndipo kazi ninayoipenda inapoanza.

Tazama umbo lake. Mgongo ni mnene, makali ni membamba, na bapa katikati limechongwa bonde pande zote mbili. Ukiulaza juu ya jiwe, mgongo na makali hugusa jiwe kwa pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo ndio unaoamua makali yasimame kwa pembe gani. Fundi aliyeufua miaka mia iliyopita amekuachia kipimo ndani ya chombo chenyewe. Wewe unatakiwa kuulaza sawasawa na kutoukandamiza. Nina mawe matatu ya kiwandani, la namba 1,000 la kurudisha makali yaliyopotea, kisha la 4,000 na la 8,000 ya kuyalainisha, na jiwe moja la asili la rangi ya manjano, la kutoka milima ya Ardennes nchini Ubelgiji, ambalo limejaa chembe ndogo mno za madini magumu yaitwayo ganeti, na chembe hizo ndizo zinazokula chuma. Juu ya jiwe makali hutangulia. Juu ya ukanda wa ngozi mgongo hutangulia na makali hufuata, la sivyo utaukata ukanda, kama nilivyoukata wangu wa kwanza. Unapogeuza upande, geuza juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Nimeyaandika hayo kwa mistari michache, lakini mikono yangu iliyahitaji miezi minne, na katika miezi hiyo nilijikata chini ya taya mara nyingi kuliko nilivyomwambia mama yako. Siku ambayo unywele wake mmoja, nilioushika kwa vidole viwili na kuushusha juu ya makali, ulikatika wenyewe bila kusukumwa, nilimwita atoke jikoni aje aone.

Kunyoa kwenyewe ni dakika 15. Ninalainisha ndevu kwa maji ya moto, ninapaka povu kwa brashi, ninavuta ngozi kwa mkono wa kushoto hadi itanuke kama ngozi ya ngoma, ninauinamisha wembe kiasi cha nyuzi 30, kisha ninafuata ndevu zinakoelekea, na shingoni zinaelekea kwingine kabisa kuliko shavuni. Mwanangu, katika karakana nilizoea kufanya kazi ambayo kosa la unene wa karatasi lilionekana siku hiyohiyo. Nilipostaafu, hakuna kitu kilichonidai usahihi tena. Shamba linasamehe, kuku wanasamehe, hata baiskeli yangu inasamehe. Wembe unanijibu palepale, juu ya ngozi yangu mwenyewe, kama jana jioni nilinoa vizuri au vibaya. Hilo ndilo lililonishika, na sikutegemea kulipata tena katika umri huu.

Sasa kuhusu wingi wake. Nyembe za kale za Sheffield ni nzito, bapa lake likiwa karibu kama kabari, nazo hupita kwenye ndevu ngumu bila kutetemeka. Zile za Solingen zilizochongwa bonde refu ni nyepesi, na zinaponyoa hutoa mlio mwembamba ambao sikio huanza kuungoja. Upana hupimwa kwa sehemu za nane za inchi, na wembe wa tano juu ya nane huingia chini ya pua kwa urahisi ambao wa saba juu ya nane hauna. Kila mmoja ulinifundisha kosa lake. Mmoja ulikuwa umepinda, ukanilazimisha kujifunza kunoa kwa kuuzungusha kidogo juu ya jiwe. Mbili nilizipoteza kwa ujinga: nilizifungia ndani ya bati moja pamoja na wembe wenye mpini wa seluloidi, plastiki ya zamani, na seluloidi ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma cha jirani. Nilipofungua bati baada ya masika, makali yalikuwa yametoboka kama jani lililoliwa na viwavi. Tangu hapo kila wembe una mfuko wake wa kitambaa na tone la mafuta, na wenye seluloidi unakaa peke yake mahali penye hewa.

Mwaka jana nililetewa wembe wa Sheffield wa karne ya 19 wenye bapa zuri kuliko yote niliyowahi kuyashika, na mpini wake ulikuwa wa pembe ya ndovu. Niliukataa. Nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliamua mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika, na hilo peke yake lilitosha, lakini mtu wa Tabora ana sababu ya pili. Katika karne hiyo mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Ujiji na kwingineko kwenda pwani, na pembe zile zilibebwa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi na mwa watumwa, zikavuka Zanzibar hadi Ulaya, ambako Sheffield ilizinunua kwa wingi na kuzikata kuwa mipini. Siwezi kuukunja mkono wangu juu ya mpini wa namna hiyo kila asubuhi. Wembe wenye mpini uliovunjika ninautengenezea wangu, wa mpingo, wa mninga au wa pembe ya ng'ombe iliyopashwa moto na kunyooshwa, nikiufunga kwa vijiti vyembamba vya shaba.

Mwambie mama yako kwamba daftari la matumizi liko kwenye droo ya kabati, na kila shilingi imeandikwa humo. Mawe ndiyo yaliyokuwa ghali, nayo nimekwisha yanunua. Nyembe nyingi nilizinunua zikiwa kutu tupu, nne nimeziuza kwa zaidi ya gharama yake, na sitavuka 20.

Mwishoni mwa barua uliandika, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba nawe ungependa kujaribu. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe, lakini mimi si baba wa kukupa wembe nikanyamaza. Nimekutengea mmoja wa Solingen, wa tano juu ya nane, mpini wa mninga, ambao sijaugusisha usoni mwangu. Nitaunoa juma moja kabla hujafika likizo. Usinyoe ndevu kwa siku mbili kabla ya safari, na njoo na brashi yako mwenyewe.

Ni mimi, baba yako.