Kuachwa nyuma kwenye vilima

Ndugu, unasema safari ya klabu yenu ya baiskeli ni ya kutwa, njia ni vilima vitupu, nawe unaogopa kuachwa kila mnapopanda. Wageni wengi hawaangushwi na mapafu, bali na papara ya kilima cha kwanza. Waache wenye miguu yao watangulie. Weka gia nyepesi kabla mlima haujakaza. Ukibadilisha huku umekandamiza pedali kwa nguvu zote, mnyororo unaweza kuchomoka. Panda kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima.

Muulize kiongozi mapema kama mnasubiriana kileleni. Klabu nyingi husubiriana. Kama yenu haina utaratibu huo, bora ujue sasa, ubebe ramani na mpira wa akiba.

Kula kidogo kidogo kabla njaa haijauma.

Mimi ningehofia zaidi mteremko: punguza mwendo kabla ya kona, si ukiwa ndani yake, tumia breki zote mbili, na usimkaribie sana aliye mbele. Kifua kikibana au ukipata kizunguzungu, simama, mwambie mwenzako, na usiendelee hadi umwone daktari.