Jibu: Intaneti ya waya kwa nyumba ya wageni Jambiani

Mdogo wangu umeuliza uvute intaneti ya waya hapo Jambiani au ubaki na bando za simu. Vuta. Mie nna vyumba vinne vya wageni huku Makangale, Pemba, zamani mgeni akiulizia chumba meseji naiona jioni nikifika mjini Konde kwenye mtandao, keshapata kwengine. Saivi nna intaneti ya waya, namjibu palepale, picha zinapanda, na wengine wanakaa wiki mbili kwa sababu kazi zao wanafanya kwa laptop barazani.

Ila rauta inataka umeme, na sie Pemba umeme wetu toka 2010 unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, ukikatika na intaneti imekwenda, kwa hiyo nunua betri yake sikuhiyohiyo. Na kinamama wanaolima mwani hapo wape paswedi, jirani yangu anauza sabuni zake za mwani kwa WhatsApp mpaka Dar.