Kuhusu sapu ya DS: yangu ilinila desimali moja

Mdogo wangu, umeuliza hivi: umemaliza mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta, masomo ya fani yako yote umefaulu, ila DS (Development Studies, somo la maendeleo ambalo ni lazima kwa wote) imekuachia sapu, yaani mtihani wa marudio. Wenzako wa hosteli wanakwambia usijisumbue, uikeri, yaani uliburuze somo hadi mwaka wa pili, kwa sababu "DS haihesabiki". Na umeuliza pia kwa nini mtu wa kompyuta alazimishwe kusoma mambo ya maendeleo.

Nianze na hilo la "haihesabiki", maana ndilo lililonimaliza mimi.

Nilisoma takwimu kwenye chuo kimoja hapa hapa Dar. Sikitaji, kwani kosa lilikuwa langu kuliko lao. DS yetu ilikuwa Ijumaa saa nane mchana, ukumbi mmoja kwa watu wa kozi zote, wengine wamekaa kwenye ngazi, kipaza sauti kinakoroma, na lile joto la Januari mnalijua. Wiki tatu za mwanzo nilikwenda. Baada ya hapo saa nane ikawa inanikuta kwenye kimbweta (vile viti vya nje vya kusomea) na daftari la kalkulasi, nimeshajiambia kwamba desa, yaani nakala ya notisi, nitalipata kwa jamaa wa steshenari kwa bei ya soda.

Coursework, yaani kazi za ndani ya muhula, ilikuwa na alama 40: tesiti mbili za 15 kila moja, na kazi ya kikundi 10. Tesiti zote mbili ukijumlisha nikaambulia 13. Kazi ya kikundi tulikuwa watu kumi, waliofanya ni wawili, kama kawaida. Tofauti ni kwamba wale wawili walikuwa wamechoka. Siku ya kukusanya nikakuta kazi imeshachapwa na kubanwa, jalada lina majina manane, na langu halimo. Nilipolalamika, dada aliyeandika ile kazi aliniuliza, "Kaka, swali letu lilikuwa linahusu nini?" Nikanyamaza. Sifuri.

UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nikapata 24 kati ya 60. Jumla 37, yaani D, yaani sapu. Laiti ningekuwa na hata alama nane za kikundi ningefika 45 na kupita na C yangu kimya kimya. Septemba nikarudi, safari hii nimesoma kweli, nikaifanya ile sapu vizuri mno. Matokeo yakatoka: C. Kwetu sapu hata uandike kama profesa, dari yake ni C. Nikaona poa tu, nimevuka.

Bili ililetwa miaka miwili baadaye. Mwaka wa tatu nimeshamaliza, naangalia matokeo ya jumla, naona GPA, yaani wastani wa pointi zangu zote, 3.4. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu yangu na kupata 3.47, nikajua wataifanya 3.5, daraja la pili la juu. Nikaenda ofisi ya mitihani. Yule mama wa dirishani hakubisha. Alichukua kikokotoo, akanigeuzia nione mwenyewe: pointi 1250 gawanya kwa krediti 360. 3.472. Akasema, "Mwanangu, hapa hatupandishi, tunakata. Saba yako na mbili yako zinabaki hapa mezani."

Nikiwa njiani kurudi, ndani ya daladala ya Mawasiliano, nikafanya hesabu ambayo natamani ningeifanya mwaka wa kwanza. DS ilikuwa na krediti 12. C ni pointi 2, kwa hiyo iliniletea 24. Ningepata B tu, alama 50, ingeleta 36. 1262 gawanya kwa 360 ni 3.505. Hata ukikata, 3.5 inabaki. Alama 13 za somo nililolikimbia Ijumaa mchana zilitosha kunitoa daraja moja kwenda jingine, na daraja hilo ndilo wanaloliandika kwenye matangazo ya ufadhili wa shahada ya uzamili. Mara mbili nimelisoma tangazo hadi hapo nikafunga simu.

Kwa hiyo aliyekwambia haihesabiki anachanganya mambo. Ukiwa na krediti 12 za somo la kuandika programu na krediti 12 za DS, kikokotoo hakijui ipi ni ya fani.

Na hilo la kuikeri usilikubali hata kidogo. Ukiikeri, unakaa darasani na wadogo zako wa mwaka wa kwanza, ratiba yao haijali ratiba yako, na kipindi cha DS kitaangukia juu ya praktiko yako. Jamaa yangu mmoja aliikeri mwaka wa pili, ikagongana, akaisukuma hadi wa tatu, akafeli tena. Suti ameshanunua Kariakoo, wazazi wameshakata tiketi za basi kutoka Songea, jina kwenye orodha ya mahafali hakuna. Shahada haitoki hadi kozi zote za lazima zipite, hata iwe imebaki hiyo moja unayoidharau.

Kuhusu kwa nini mnalazimishwa: hii kitu ina historia, na ni ya hapa hapa Dar. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na Machi mwaka huo huo ukafanyika mkutano pale chuoni kujadili chuo kikuu kina kazi gani katika nchi ya kijamaa. Hoja ilikuwa kwamba haifai kumsomesha mhandisi au mwanasheria kwa jasho la mkulima halafu asijue mkulima anaishije. Kozi ya pamoja kwa wote ikazaliwa katika mazingira hayo, na ndiyo mama wa DS ya leo.

Wala si sisi peke yetu. Mpwa wangu yuko Marekani anasoma kompyuta kama wewe, na amebanwa achukue historia, sanaa na uandishi kabla hajapewa shahada. Chuo Kikuu cha Columbia huko New York wana kozi ya namna hiyo kwa wote tangu 1919. (Akikwambia wao wanamaliza kwa krediti 120, usimwonee wivu. Zao zinahesabiwa kwa saa za darasani kwa wiki, zetu krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, ndiyo maana tunafika 360.)

Sisemi inafundishwa vizuri. Watu mia kadhaa na kipaza sauti kibovu si darasa. Communication Skills, somo jingine la lazima la stadi za mawasiliano, ilikuwa hivyo hivyo, ingawa ile ndiyo iliyonifundisha kuandika muhtasari wa ukurasa mmoja, na kwa kazi ninayofanya sasa mjini Posta ndicho ninachokitumia kila wiki kuliko kalkulasi.

Sasa sapu yako. Kosa letu watu wa hesabu ni kujibu DS kwa vidoti. Swali la nadharia ya utegemezi (kwamba nchi maskini zinabaki nyuma kwa kuzitegemea tajiri) mimi nililijibu kwa ukurasa mmoja na nusu, vidoti saba, nikafunga kalamu nikiwa na saa nzima mkononi. Wanataka insha: elezea dhana, nani anaitetea na nani anaipinga, kisha ilete Tanzania kwa miaka yake. Azimio 1967, makubaliano na IMF 1986, vyama vingi 1992. Hiyo mitatu ukiielewa sababu zake, inaingia kwenye karibu kila swali watakalokupa. Tafuta mitihani ya miaka minne iliyopita, andika majibu kwa mkono, kwa muda, umpe mtu wa sosholojia akusomee. Na kwa kuwa C ndiyo dari, iandike kwenye hesabu zako leo, uone masomo gani ya mwaka wa pili yanatakiwa kuifidia.