Kabla hujalipia hiyo pakeji ya tumbo hospitali binafsi, soma hapa

Mkuu, usilipe kwanza. Hiyo "pakeji kamili ya tumbo", lile furushi la vipimo linalouzwa kwa pamoja, unayotaka kwenda kuifanya naijua ukurasa kwa ukurasa, na hela yangu imelala humo mpaka leo.

Umeuliza uende hospitali binafsi au uendelee kusubiri rufaa yako, bima inaweza kubeba kiasi gani, na ule nini wakati huu tumbo linajaa na kuunguza huku omeprazole, zile dawa za kupunguza asidi, hazikusaidii tena kama mwanzo. Ukataja pia kwamba uliwahi kuambiwa una H. pylori, bakteria wa tumboni wanaoweza kuleta vidonda. Nilikuwa nasoma vizuri tu, hadi nikafika pale ulipoandika kwamba wameshakuambia wataanza na kipimo cha damu cha H. pylori "halafu unaanza dozi". Hapo nikaweka simu chini, nikazunguka chumba. Hasira si kwako, ni kwao.

Kipimo cha damu cha H. pylori hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili wako ulitengeneza ulipokutana na hao bakteria, iwe juzi au ukiwa mtoto mdogo. Bakteria wakishakufa, kingamwili zinaweza kubaki kwenye damu miezi mingi, kwa wengine miaka. Ni kovu. Na kovu halitibiwi kwa antibayotiki, hata ukinywa ndoo nzima.

Mimi nilikaribia hiyo ndoo. Nilipimwa damu, karatasi ikarudi na jibu la chanya lililozungushiwa duara la wino mwekundu, nikaandikiwa dozi ya siku 14: antibayotiki aina mbili na dawa ya kupunguza asidi. Dozi yenyewe ni halali, ni tiba inayojulikana dunia nzima, sina ugomvi nayo. Aliyewahi kunywa klarithromaisini, moja ya antibayotiki hizo, anaijua ile ladha ya chuma inayokaa mdomoni hata upige mswaki vipi. Nikamaliza. Tumbo likatulia kidogo, halafu likarudi palepale. Nikaenda kwa daktari yuleyule. Akafanya nini? Akapima damu tena! Chanya. Akatikisa kichwa, akaniambia hao wangu ni bakteria sugu, akabadilisha antibayotiki. Nikanywa, nikaharisha, nikapungua, nikarudi. Damu tena, chanya tena, dozi nyingine. Mimi huyu ninayehesabu chenji mara mbili, nikawa nafungua pochi bila hata kuuliza jina la kipimo.

Ile nafuu ndogo kila nikianza dozi ndiyo iliyonimaliza. Nilidhani antibayotiki zinafanya kazi. Kumbe ni ile dawa ya asidi iliyomo ndani ya dozi ndiyo iliyokuwa inanituliza, na ikiisha maumivu yanarudi.

Yule daktari wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 alikunywa hao bakteria kwa makusudi ili aonyeshe kwamba wanafanya ukuta wa tumbo uvimbe. Baadaye hakukaa kusoma damu tu, aliingizwa kamera tumboni na vipande vya nyama vikachukuliwa vikachunguzwe. Yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel mwaka 2005. Yeye kwa kunywa bakteria kapata Nobel, mimi kwa kunywa dawa nimepata kuharisha. Tuendelee.

Sasa huyo daktari wa pakeji. Siwezi kusema hakujua, maana ni mtu amesoma. Ukitaka kujua kama bakteria wamekufa, kuna kipimo cha kinyesi kinachotafuta chembe za bakteria wenyewe, na kuna kile cha kupuliza pumzi. Unavifanya angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, ukiwa umesimamisha dawa za jamii ya omeprazole kwa wiki 2, la sivyo vinaweza kukudanganya kwamba uko safi. Haya si mambo ya siri, yako kwenye miongozo ya tiba. Lakini kwenye ile karatasi ya pakeji kulikuwa na visanduku vya kutiki, na cha kinyesi hakikuwepo. Cha damu kilikuwepo. Na utrasaundi ilikuwepo, kipimo ambacho kidonda ndani ya tumbo hakikioni vizuri, ila ni hodari sana wa kukuonyesha vijiwe vya nyongo. Na mimi nikaonyeshwa changu, kimoja, ambacho hakijawahi kunidai chochote. Watu wengi tu wana vijiwe hivyo na havijawahi kuwasumbua, lakini mimi tayari nilikuwa nazungumziwa upasuaji. Nilitoka mbio, na ni mbio pekee nilizokimbia mwaka ule.

Aliyenisaidia alikuwa bingwa wa mfumo wa chakula. Na yeye ni wa kulipia vilevile, kwa hiyo usifikiri napiga vita hospitali binafsi. Nilimwagia mezani lundo langu la majibu. Akalisukuma pembeni bila kulifungua, akauliza: "Dawa gani nyingine unatumia, hata za kujinunulia mwenyewe?" Nikasema hakuna. Akauliza mgongo je, magoti je, kichwa je? Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa karatasi ya diklofenaki iliyobaki vidonge viwili. Ile ya mgongo, niliyokuwa nameza kila nikiinuka vibaya, na siku hizo nilikuwa nainuka vibaya karibu kila asubuhi. Akaitazama, akanitazama mimi, hakusema neno.

Dawa za jamii hiyo, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, zinapunguza kemikali zinazolinda ukuta wa tumbo. Hizo pamoja na H. pylori ndizo sababu kuu mbili za vidonda vya tumbo. Kuzimeza baada ya kula hakuondoi hatari. Kamera ikaonyesha kidonda, na katika vinyama vilivyochukuliwa hakukuwa na bakteria hata mmoja. Nikaachishwa diklofenaki, nikapewa dawa ya asidi kwa muda wa kutosha kidonda kifunge. Basi. Swali la bure lilikuwa limekaa miezi yote hiyo likisubiri mtu wa kuliuliza, ila pakeji haina kisanduku cha maswali.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitairudia mpaka mods wanifungie: lipia kwanza maongezi na daktari, vipimo baadaye. Na kwa kila kipimo anachotaka kukuandikia muulize, "Kikija chanya tutafanya nini? Kikija hasi tutafanya nini?" Ikiwa njia zote mbili zinaishia kwenye dawa ileile, au anakujibu "tupime tu tujue", funga pochi. Mjinga anaweza kukasirika ukimuuliza hivyo. Mzuri atafurahi, maana hata yeye hujiuliza hivyohivyo.

Sheria hii ingeniokoa siku ya kwanza. Ingekuokoa pia na ile biashara ya kupima "mzio wa vyakula mia" kwa damu ya kingamwili aina ya IgG, ambayo sana sana inaonyesha ulichozoea kula. Na ingekufanya ugundue mapema kwamba kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki, ule ambao utumbo unaumia kwa sababu ya ngano, kinataka uwe bado unakula ngano. Ukiiacha wiki kadhaa kabla kwa kujitibu mwenyewe, jibu linaweza kuja hasi na ugonjwa unao.

Suala la kusubiri au kutosubiri linategemea dalili. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kinachonata, au maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu, hapo hakuna cha binafsi wala serikali, ni dharura ya hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo. Ukiwa unapungua uzito bila kutaka, chakula kinakwama wakati wa kumeza, una upungufu wa damu, au umri umevuka miaka 60 na shida ndiyo kwanza imeanza, hapo unahitaji kuingizwa kamera tumboni. Rufaa ikiwa ya mbali na uwezo unao, lipia hiyo kamera bila kujuta. Ukiwa huna hata kimoja, unacholipia ni kuwahi tu, ugonjwa ni uleule na vipimo ni vilevile. Wala usikatae rufaa kwa sababu umeenda binafsi. Chukua ripoti ya kamera pamoja na ya maabara ya vinyama, vyote kwa maandishi, upeleke kwa daktari wako wa rufaa, usije ukarudishwa mwanzo.

Na tafadhali usisimamishe dawa za asidi kichwakichwa kwa sababu umesoma hapa wiki 2. Kama umewahi kutokwa damu tumboni au unatumia dawa za kuyeyusha damu, muulize aliyekuandikia kwanza.

Halafu rudi hapa unijibu vitu viwili tu, maana uzi mzima hukuvitaja: hiyo H. pylori ya mwanzo walikupima kwa damu au kwa kinyesi? Na ukiumwa kichwa au mgongo, unameza nini?