Kompyuta ya nyumbani inaburuta, mipangilio inajifunga: tazama saa kabla hujanunua RAM

Mkuu, umesema kompyuta yako ya mezani inachukua dakika kumi kuwaka, dirisha la mipangilio linafunguka na kujifunga lenyewe, na fundi keshakwambia ununue RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine. Shika hela yako kwanza. Mimi yalinikuta hayo hayo na kompyuta ya mama pale Makorora, Tanga.

Ile programu ya "kusafisha rejista" (daftari la mipangilio ya Windows) uliyoipakua, itoe. Kwa mama nilizikuta tatu, mdogo wangu kaziweka kwa nia njema. Tanga kwetu ni waja leo waondoka leo, lakini hizo zilikuja na kuondoka zikagoma. Zinaweza kufuta vitu ambavyo Windows yenyewe inavihitaji, halafu zinajiwasha kila mashine inapowaka.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, lifunguke dirisha la Task Manager, usome safu ya diski (Disk) na ya RAM (Memory). Ya mama, RAM haikufika hata nusu. Diski ndiyo iliyoganda kwenye 100%, na ukitega sikio unaisikia inakwaruza kama panya darini. Humo humo kuna orodha ya programu zinazojiwasha; zima usizozitumia, antivirasi iache.

Sasa huko kujifunga kwa mipangilio. Mara nyingi ni mafaili ya Windows yameharibika, na umeme kukatika mashine ikiwa kazini ni sababu mojawapo. Fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt) kama msimamizi (Run as administrator), andika

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

ikimaliza andika

sfc /scannow

Ya kwanza huwa inavuta mafaili mtandaoni, kwa hiyo uwe na bando. Ikisimama muda mrefu kwenye asilimia ile ile, ivumilie, usiizime.

Kwangu ile ya kwanza ikakataa mara mbili. Nikahangaika mpaka jioni, ndipo jicho likaangukia pembeni chini ya kioo: Januari 2012! Nikamuuliza mama tangu lini. "Saa ya nini mwanangu, mie naitazama ya ukutani." Kumbe tarehe ikiwa ya uongo, kompyuta inaviona vyeti vya usalama vya tovuti kama si halali, basi masasisho nayo hayashuki.

Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua boksi. Kwenye ubao mkuu kuna betri bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3; ndiyo inayotunza saa mashine ikiwa haina umeme. Yake ilikuwa imechoka, na kikalio chake kimeota kutu ya kijani. Hewa ya chumvi hiyo, wa pwani mnaijua. Nikapangusa, nikaweka mpya, nikarekebisha tarehe. Kwenye majira ya saa (time zone) chagua Nairobi, Dar es Salaam usiitafute, haimo. Niliporudia zile amri, zote mbili zikapita na mipangilio ikatulia.

Uzito ulipungua, haukuisha, maana diski ilikuwa ya kuzunguka na ya zamani. Hapo ndipo nilipotoa hela, nikanunua SSD, diski ya kasi isiyozunguka, baada ya kuhamisha picha za harusi za mama kwenye flashi. Na kama yako ni Windows 10, ujue masasisho ya bure ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Hebu iwashe sasa hivi, uniambie tarehe inasomeka ngapi na diski iko asilimia ngapi.