Ukimya wa mtu si klipu ya kuchomeka popote

Wadogo zangu wa chumba cha kuhariri, ndani ya miaka miwili nimehariri filamu ya kutisha, ya vichekesho, ya mapenzi na moja ya makala, yaani ya watu na matukio halisi. Wiki hii nilikaa nyuma ya kijana mwenye mkono mwepesi kuliko wangu, nikamwona akirudia kosa lililoninyima usingizi. Nimeshindwa kunyamaza.

1. Kagua kasi ya fremu kabla ya kukata chochote. Video iliyorekodiwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde ikichezwa kwa 25, ndani ya dakika 10 sauti imeshaachana na picha kwa sekunde 24. Nimesema mara ngapi?

2. Dai sauti ya chumba kitupu, sekunde 30, kila sini (tukio moja la filamu). Kwenye filamu ya kutisha, bila ule mvumo mtazamaji anadhani spika zimekufa.

3. Vichekesho viachieni nafasi, kicheko kisimeze mstari unaofuata.

4. Sasa, sura za watu. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Lev Kuleshov, mwongozaji wa filamu wa Urusi, alionyesha kwamba sura ileile ya mwigizaji, ikipangwa na bakuli la supu au na jeneza, inasomeka njaa au majonzi. Kwenye hadithi za kubuni tunaishi kwa hilo. Natoa jicho la teki ya 7, yaani mara ya saba sini ileile ilipopigwa, nalipachika teki ya 2, na mwigizaji hunishukuru.

Mkono huohuo nikaupeleka kwenye makala. Mama mmoja mjane aliulizwa kama amewasamehe waliosababisha kifo cha mumewe. Akajibu papo hapo: "Ndiyo." Nikaona jibu jepesi. Nikachukua sekunde 9 alizokaa kimya akimsubiri fundi wa sauti abadilishe betri, nikazipachika kati ya swali na jibu. Chumba kizima kilisifu. Nilitokwa machozi mwenyewe.

Tulimwonyesha filamu kabla ya kuitoa. Alitazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, pale nilinyamaza?" Nikaanza kumweleza habari za mdundo wa filamu. Akaniacha nimalize. "Mimi sikusita. Ile 'ndiyo' yangu imenichukua miaka kuifikia. Wanangu wataona nilisita."

Sikuwa na la kusema. Usiku ule nilizitoa zile sekunde. Sini ikawa fupi, kavu, haimlizi mtu, na ndivyo ilivyotoka. Lakini sauti ya yule mama bado naisikia kila ninapofungua mahojiano, na sitaki iniache.

Kwa hiyo mkihamisha ukimya wa mtu halisi, mwulizeni mwongozaji, na mwenye sura aone kabla hamjafunga picha, yaani kabla uhariri haujawa wa mwisho.

5. Nakala tatu za kazi yenu, moja nje ya jengo. Leo.

Yule kijana nimemwachia mahojiano yote anayoyahariri, dakika 70, ayasikilize bila kugusa kibodi. Kesho tutakata pamoja.