Ukungu umemeza rangi za majani, nifanyeje?

SWALI: Habari kaka, mi naishi Knoxville, Tennessee, mwezi wa 10 huwa tunapanda Great Smoky Mountains kupiga picha majani yakishageuka mekundu na njano. Shida ukungu, picha zote zinatoka kijivu. Nisubiri jua?

JIBU: Nzuri dada. Usisubiri jua kabisa, ukungu ndo mali yenyewe, mwanga unakuwa laini na majani yaliyolowa rangi yake inakolea. Kamera ikikutana na weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, ndo maana kijivu, kwa hiyo we ongeza eksposha (kiasi cha mwanga kwenye picha) kama +0.7 hadi +1 na upige kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata). Halafu filta ya polaraiza (kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachokata mng'ao), wengi wanadhani ni ya siku za jua tu, hapana, izungushe taratibu huku unaangalia jani moja la mti wa mepo lililolowa, utaona ule mng'ao mweupe unaondoka na wekundu unatokea wenyewe, raha sana. Inakula mwanga, so beba tripodi (stendi ya miguu mitatu). Fokasi ikihangaika weka ya mkono.

Usipige bonde zima toka barabarani, tafuta mti mmoja wenye rangi karibu yako, msitu nyuma upotelee ukunguni. Majani yanaanza kugeuka kwenye miinuko ya juu, njia ya kwenda kilele cha Kuwohi (mita 2,025), ukikuta yamepukutika huko shuka tu mabondeni. Na kabla hujaingia garini kwenye hita funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, la sivyo lenzi inajaa mvuke.